Kiwanja Kiulizwe Kabla ya Kulipiwa

(Hotuba mbele ya wawekezaji, wajenzi, madalali, maofisa wa benki na masheha, mjini Unguja)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Waheshimiwa viongozi, masheha wetu, wazee wangu, ndugu zangu wa benki, wajenzi na madalali, nashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie ukaguzi wa mazingira wa viwanja vya biashara: mahoteli, maduka, fleti za kuuza, maghala. Nina jambo moja tu ninalotaka mwondoke nalo leo, na jambo lenyewe ni swali. Ardhi hii, kabla hujaja wewe, ilikuwa ikifanywa nini?

Nikiliuliza swali hili kwa mwekezaji, jibu ninalolipata ni, "Cheti cha mazingira tunacho." Ni kweli anacho. Lakini cheti hicho kinatokana na tathmini ya athari za mazingira, ile inayosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ZEMA, chini ya Sheria Na. 3 ya 2015. Ni kazi ya lazima na naiheshimu. Ila tathmini ile inatazama mbele. Inauliza mradi wako utaufanyia nini mji, bahari na majirani: utakata mikoko mingapi, utavuta maji kiasi gani, maji machafu utayapeleka wapi. Ukaguzi ninaousema mimi unatazama nyuma, na unatazama chini. Pahala hapa pamekwishafanyiwa nini, na kilichobaki udongoni kitamfanya nini atakayelala, atakayekula na atakayechimba kisima juu yake? Mtu anaweza kulijibu vizuri kabisa lile swali la kwanza, kisha akamwaga zege juu ya la pili bila ya kulijua.

Desturi hii ya kukiuliza kiwanja ilianzia Marekani, na ilianza kwa maumivu. Katika mji wa Niagara Falls palikuwa na mfereji uliochimbwa mwishoni mwa karne ya 19 ukaachwa haujamalizika, uitwao Love Canal. Kuanzia 1942 kampuni moja ya kemikali iligeuza mfereji ule kuwa jaa, ikazika humo kiasi cha tani 21,000 za taka za sumu, kisha ikaufukia kwa udongo. Mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya skuli ya mji ule ardhi hiyo kwa dola 1. Naomba mlisikilize hili vizuri: hati ya mauzo yenyewe ilitaja kwamba kuna kemikali chini. Haikufichwa. Iliandikwa, ikatiwa saini, ikawekwa kabatini. Skuli ikajengwa, nyumba zikajengwa, watoto wakacheza juu yake. Miaka ya 1970, baada ya mvua na theluji nyingi, maji ya chini yalipanda na zile sumu zikapanda nayo, zikaingia kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu. Agosti 1978 Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura na mamia ya familia wakahamishwa.

Disemba 1980 Marekani ikapitisha sheria kali ya kusafisha ardhi za namna hiyo. Sheria ile inaweza kumbana mwenye ardhi wa leo kulipia usafishaji hata kama uchafu uliwekwa na mtu mwengine miaka mingi kabla yake. Baadaye mnunuzi akawekewa mlango wa kutokea: akithibitisha kwamba kabla ya kununua aliuliza kila kilichostahili kuulizwa, sheria inampa kinga. Hapo ndipo kazi hii ilipopata utaratibu. Mwongozo wa kwanza ulitolewa 1993 na taasisi ya viwango ya ASTM, na unaotumika sasa ni wa 2021. Mahoteli ya kimataifa yakija kutafuta kiwanja hapa kwetu, na benki za nje zikitaka kukopesha, hudai ripoti ya namna hiyo, ile inayoitwa Awamu ya Kwanza. Viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, navyo vinamtaka mwekezaji ajue kama kuna uchafuzi wa zamani na nani atabeba dhamana yake.

Sasa mtu ataniambia: hayo ni ya Marekani, nchi ya viwanda, sisi viwanda tulivyonavyo vinahesabika. Nina majibu mawili. La kwanza ni la ardhi yetu yenyewe.

Karibu maji yote tunayokunywa Unguja yanatoka chini: visima, chemchemi na mapango. Hatuna mto mkubwa wa kututosha, na hatuna ziwa. Na chini yenyewe ikoje? Upande wa mashariki na kusini, kuanzia Makunduchi na Jambiani kupanda juu, nchi ni ya maweni na uwanda, mwamba wa matumbawe ya kale wenye udongo wa kuokoteza kwenye nyufa. Mvua ikinyesha haituwami, inazama. Upande wa magharibi kuna kinongo na kichanga, ardhi yenye kina, na kuna Masingini, msitu tunaoulinda kwa sababu ndio unaotulindia maji ya mji. Mchanga huchuja kidogo. Udongo wa kinamo hushikilia kinachomwagika, ukakichelewesha. Matumbawe hayachuji na hayashikilii. Aliyewahi kuteremka katika pango la Mangapwani ameona mwenyewe maji matamu yametulia ndani ya jiwe. Kinachomwagwa juu ya jiwe la namna ile hakina safari ndefu.

Tena maji matamu ya pwani yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hesabu wanayoitumia wataalamu wa maji ya chini ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukivuta mpaka ile mita ya juu ishuke, chumvi nayo inapanda kutoka chini. Hoteli nyingi zinaujua mtihani huo wa chumvi. Wanachokijua wachache ni kwamba pampu haichagui. Inayoweza kuvuta chumvi kutoka chini inaweza pia kuvuta dizeli kutoka ubavuni, kutoka kiwanja cha jirani ambako tangi linavuja polepole. Ndiyo maana ukaguzi mzuri hauishii kwenye ukuta wa kiwanja chako.

Nifanye hesabu moja mbele yenu, kwa sababu watu wengi hudhani lita moja ya petroli ni kitu kidogo. Petroli ina bensini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Chukua petroli ambayo bensini yake ni asilimia 1. Lita moja ina gramu 740 hivi, kwa hiyo bensini ndani yake ni gramu 7 na zaidi kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 za bensini kwa lita. Gawanya. Lita moja ya petroli ina bensini ya kutosha kufikisha lita laki saba za maji kwenye kikomo hicho. Bila shaka si yote itakayofika kisimani, nyengine itaruka hewani na nyengine italiwa na vijidudu vya udongoni. Lakini fikirini sheli ya zamani yenye tangi la chuma lililokaa ardhini miaka mingi katika kisiwa ambacho chumvi inakula chuma kila siku.

Jibu la pili ni la historia yetu. Tusiseme hatukuwa na viwanda tukadhani tumesalimika. Uchafu wa mji huu haukuletwa na viwanda vikubwa. Umeletwa na mambo madogo madogo yaliyofanywa uani.

Mnaikumbuka Mei 2008. Umeme ulikatika Unguja nzima, ukakaa karibu mwezi. Kisha Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Kila hoteli, kila benki, kila mwenye duka la vitu vya barafu akatafuta jenereta. Dizeli ikaletwa kwa madumu na mapipa, ikamiminwa kwa mpira, mara nyingi usiku, mara nyingi na kijana ambaye hakufundishwa na mtu. Oili ikabadilishwa papo hapo na ile chafu ikamwagwa nyuma ya ukuta. Hakuna wa kulaumiwa, watu walikuwa wanataka kuishi. Lakini mimi nikiingia kwenye kiwanja chochote cha biashara mjini, swali langu la mwanzo siku hizi ni hilo: ule wakati wa giza, jenereta lilikaa wapi? Mara nyingi mlinzi wa zamani anakuonesha kwa kidole. Pemba nako swali ni hilo hilo kwa sura nyengine, maana Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika 2010.

Kuna transfoma za zamani. Duniani kote, transfoma nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 zilitiwa mafuta yenye kemikali iitwayo PCB, ambayo haiozi na hukaa kwenye mafuta ya samaki na ya binadamu. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania imeuridhia, unazitaka nchi ziwe zimeyaondoa na kuyateketeza kwa usalama mafuta hayo ifikapo 2028. Ukikuta kiwanja kiliwahi kuwekwa transfoma, au vyuma chakavu vya umeme vilivunjwavunjwa hapo, hicho si kiwanja cha kulipia bila ya kupima.

Kuna magereji, na hapa nasema kwa masikitiko kwa sababu mafundi ni ndugu zetu. Oili chafu humwagwa chini, au hupakwa mbao zisiliwe na mchwa. Betri za gari hupasuliwa madini ya risasi yatolewe, na tindikali humwagwa pale pale. Risasi haiozi wala haipotei. Hukaa kwenye inchi chache za juu za udongo, na mtoto anayechezea mchanga huila kwa vidole vyake. Ikiwa gereji ile kesho inageuzwa fleti zenye kiwanja cha kuchezea watoto, basi ni lazima mtu aseme.

Kuna dawa za kuulia wadudu. Kuanzia 1957 Zanzibar iliingia kwenye kampeni kubwa ya kutokomeza malaria, nyumba zikapuliziwa dieldrini na DDT. Kampeni ile iliokoa maisha. Lakini dawa ilihifadhiwa pahala, na mapipa yakaoshewa pahala. DDT huweza kukaa udongoni miongo. Wenzetu wa Bara wana mfano wa Vikuge, Kibaha, ambako dawa za kilimo za msaada zilizoletwa 1986, nyingine tayari zimepitwa na wakati, ziliwekwa kwenye banda ambalo baadaye liliporomoka, na udongo wake ukachafuka vibaya. Banda limekwenda, DDT imebaki.

Na kuna mashimo. Hili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu ndilo tunaloendelea kulifanya. Tunachimba mchanga wa kujengea, tunachimba mawe, shimo linabaki. Shimo likibaki, watu wanalitia taka. Taka za mji kabla ya kupelekwa Kibele zilikwenda Jumbi na kwengineko, na mbali na majaa yanayojulikana kuna vishimo vya mitaani visivyo na jina. Likijaa, linafukiwa kwa udongo mwekundu mzuri, linapandwa migomba miaka miwili mitatu, kisha linauzwa. Juu pametulia. Chini taka zinaoza na kutoa gesi ya methani, ambayo ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka ikikutana na cheche. Udongo nao unashuka kila mwaka, na nyumba iliyojengwa juu inapasuka kuta. Mwenye nyumba anamlaumu fundi.

Hata mji wenyewe, ile pwani iliyokuwa ikitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ilijazwa kifusi katika karne iliyopita. Leo tunapita juu yake na magari. Anayetaka kujenga jengo la ghorofa maeneo yale na hakuuliza kilichojazwa ni nini, anajenga kwa kubahatisha.

Sasa ukaguzi wenyewe unafanywaje? Awamu ya Kwanza haichimbi chochote. Mkaguzi anasoma, anatembea, anauliza, kisha anaandika. Kwa mwongozo wa Marekani, historia ya kiwanja hurudishwa nyuma mpaka 1940, au mpaka siku kilipoanza kutumika kama ni kabla ya hapo. Kusoma hapa kwetu ni Kamisheni ya Ardhi, ni Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ni ramani za zamani, ni picha za angani. Tuna bahati katika hili la picha: kuanzia 2016 visiwa vyetu vyote viwili vilipigwa picha kwa droni, kazi iliyofanywa na Kamisheni ya Ardhi pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Picha zile ukiziweka pembeni ya picha za leo, unaona shimo lililokuwepo na sasa halipo.

Kutembea ni kufungua macho na pua. Bomba jembamba la chuma lililosimama ukutani bila ya kazi, huenda ni pumzi ya tangi lililozikwa. Kifuniko cha chuma sakafuni. Kiraka cha zege kisichofanana na sakafu nyengine. Pahala majani hayaoti hata baada ya masika. Makaro ya choo ni mangapi na yako wapi, maana karo la gereji halipokei choo peke yake.

Lakini kwetu sisi, moyo wa kazi hii ni kuuliza watu. Wenzetu wa Marekani wana makabrasha: ramani za bima za zaidi ya miaka mia, vitabu vya anuani za mitaa, leseni za kila tangi. Sisi sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo imo vichwani mwa wazee. Akija mtu kumposa binti yetu, wazee hukaa wakaulizia: mtoto wa nani, ametoka wapi, kwao kukoje. Hawamuulizi mposaji peke yake, wanamuuliza jirani yake. Kiwanja nacho tukiulizie hivyo hivyo. Muuzaji muulize, lakini usiishie kwake, kwa sababu ana maslahi, na mara nyingi hajui. Muulize mlinzi aliyelala pale. Muulize fundi aliyewahi kupanga. Waulize kina mama waliokuwa wakiteka maji kisima cha karibu, kwa sababu wao ndio watakaokwambia maji yalianza kunuka mwaka gani na nani alihama mwaka huo.

Na namna ya kuuliza ina adabu yake. Ukifika na karatasi na kalamu ukamwambia mzee, "Je, kuna uchafuzi hapa?", atakujibu hapana, kwa heshima, kwa kutotaka kumharibia mtu riziki. Kaa. Salimia. Muulize hapa palikuwa kwa nani. Atakwambia palikuwa kwa fulani, alikuwa na lori mbili. Lori zilitengenezewa wapi? Pale chini ya mkungu. Na mafuta alikuwa akinunua wapi? Alikuwa na tangi lake. Tangi lilikwenda wapi? Hapo mzee ananyamaza kidogo, anafikiri, anasema, "Sikumbuki kuliona likitolewa." Sentensi hiyo moja inaweza kuwa na thamani kuliko kurasa mia za ripoti. Na kila mwaka tunazika watu wenye majibu ya namna hiyo, na hakuna aliyeyaandika.

Ikiwa Awamu ya Kwanza imeonesha dalili, ndipo unakuja kuchimba, Awamu ya Pili. Sitakaa sana hapa, ni kazi ya mafundi wa udongo na maabara. Niseme mawili tu yanayokosewa sana. Sampuli ya maji inayotafutwa petroli huwekwa kwenye chupa ya kioo iliyojaa pomoni, isibaki hewa hata tone, na hukaa kwenye ubaridi mpaka maabara. Ukiileta kwa chupa ya maji ya kunywa, nusu yake tupu, kwenye buti ya gari saa sita mchana, petroli imeshatoka njiani na utaambiwa maji yako ni safi. La pili ni bamvua. Kisima cha pwani kinapanda na kushuka na bahari. Sampuli ya maji yakijaa na ya maji yakitoka zinaweza kutoa majibu mbalimbali, kwa hiyo chukua zote mbili na andika saa.

Najua wapo madalali hapa wanaosema moyoni kwamba huyu amekuja kutuharibia soko. Naielewa khofu hiyo. Lakini kiwanja kuwa na uchafu si mwisho wa mauzo. Mara nyingi ni udongo wa pembe moja kutolewa, au ramani ya jengo kugeuzwa ili pahala pabaya pawe maegesho, pasiwe jiko au chumba cha kulala. Pengine ni kuweka karatasi nzito ya plastiki na mabomba ya kupumulia chini ya sakafu ili mvuke usiingie ndani. Pengine ni kutochimba kisima pale na kutumia maji ya bomba. Haya yote ni nafuu yakijulikana kabla ya msingi. Yakijulikana baada ya ghorofa ya nne, hakuna anayeyaweza.

Na wewe mwekezaji, ripoti hii inakukinga wewe kwanza. Ardhi ya Zanzibar tokea Mapinduzi ni mali ya umma. Sheria ya 1992 ya umiliki wa ardhi inakupa haki ya kutumia au inakukodisha kwa muda. Siku moja mkataba utamalizika na utairudisha. Siku hiyo ukiulizwa, "Mafuta haya ni ya nani?", utajibu kwa ushahidi gani kama hukuandika hali uliyoikuta siku ya kuingia? Na kwa kuwa ardhi inarudi kwa umma, uchafu nao unarudi kwa umma, unarudi kwa watoto wetu. Hapo ndipo suala hili linapotoka mikononi mwa mnunuzi na muuzaji likawa letu sote.

Benki nazo zina neno lao. Unapomkopesha mtu kwa rehani ya jengo, umekubali kwamba akishindwa, jengo ni lako, na kilicho chini ya jengo ni chako pia. Sioni kwa nini afisa wa mikopo adai picha ya hati, picha ya kitambulisho na bima ya moto, asidai kurasa kumi za historia ya kiwanja.

Ombi langu kubwa lakini ni kwa masheha. Karibu kila muuziano wa eka au kiwanja hupita mikononi mwenu, na nyinyi mnawajua wazee wa shehia zenu kwa majina. Siwaombi muwe wataalamu wa kemia. Nawaomba kabla ya kutia saini mkae nusu saa na wazee wawili au watatu wasio ndugu wa muuzaji, muandike kiwanja kile kilikuwa cha nani, kilitumika kwa nini, kama paliwahi kuwa na tangi, gereji, jenereta, ghala la dawa au shimo lililofukiwa, na kisima cha karibu kiko umbali gani. Karatasi moja, nakala moja ibaki ofisini kwenu na moja aende nayo mnunuzi. Kama hakuna la kuandika, andikeni kwamba wazee wameulizwa na hawakumbuki lolote, na muandike tarehe, kwa sababu hata jibu hilo lina mwisho wake. Wenzetu wa Marekani wanataka mahojiano na ukaguzi wa macho vifanywe upya kama siku 180 zimepita kabla ya kununua. Kiwanja kinaweza kuchafuliwa kwa usiku mmoja na lori moja.

Mfano wa karatasi hiyo nimeuandika kwa Kiswahili cha kawaida na nakala ziko mezani karibu na mlango. Naomba tuanze na shehia zenye visima vinavyohudumia watu wengi, vile vya Mamlaka ya Maji na vya misikiti na skuli, tuandike kila kilichopo na kilichokuwepo kuvizunguka. Masheha ambao watakuwa tayari waniachie namba za simu kabla ya kutoka. Nitakuja mwenyewe, tukae na wazee pamoja.